Chupa Zangu Zimekataa

Zaina mwanangu, wewe ninayekuita Mama kwa kuwa umebeba jina la mama yangu,

Mlango wako umeufunga, na unajua mimi si mtu wa kugonga mara mbili. Nimekaa mezani, mama yako ananitazama kwa lile jicho lake unalolijua. Ameniambia, "Andika basi, kama mdomo wako unaleta vita kila saa. Lakini usimuharibie mutoto safari." Nikamwambia siharibu kitu. Akasonya, akarudi kufunga mizigo yako.

Kesho pikipiki itakuchukua, utavuka mto, utashika barabara ya Lubutu mpaka Kisangani. Mambo ya njia mama yako ameshakuambia mpaka masikio yamekuchoka. Maji gani ya kunywa, nani wa kumuaminia mzigo, nani wa kumkimbia. Mimi huko sina la kuongeza. Langu ni moja, lile lililokufanya jana uinuke kwenye chakula ukaacha sahani yako. Unaenda kwa profesa na kazi yako ya majani. Nafasi amekupa kwa sababu ya kazi hiyo. Na mimi baba yako nimeirudia kazi hiyo hapa nyumbani, na imenikatalia.

Ngoja nianze mwanzo, maana jana tulikuwa tunapandishiana sauti, na sina hakika kama tulikuwa tunabishania kitu kimoja.

Ulichukua chupa za mayonezi, ukatia mahindi makavu, ukatia na fukusi, vile vidudu vyeusi vinavyotoboa punje mpaka ibaki ganda. Chupa nyingine ukaongeza unga wa majani machungu ya nyuma ya nyumba, nyingine ukaziacha hivihivi. Ulipofungua, kwenye majani fukusi wote walikuwa wamelala chali. Kwenye zile nyingine walikuwa wanakula kama wako harusini. Ehee, nilifurahi mimi! Nilitangaza mpaka msikitini, imamu akaniambia, "Mwalimu, tumesikia, acha sasa watu wasali." Nani asingefurahi? Kila msimu tunaona watu wanafunga mbegu kwenye gunia, siku ya kupanda wanafungua wanakuta vumbi. Na dawa inaota bure nyuma ya choo chetu!

Barua ya Kisangani ilipokuja, nikasema nifanye na mimi darasani. Sikutaka kukupima, Mungu ananiona. Nilitaka kuringa. Nilitaka kusimama mbele ya wanafunzi wangu niseme, hii kazi mnayoiona ni ya binti yangu, na nyinyi mtafika. Nikachuma majani palepale ulipochuma, nikayasaga, nikatia mahindi ya shamba letu kwenye chupa zote, nikangoja.

Fukusi wangu hawakufa. Walitembea juu ya ule unga kama watu wanaovuka barabara yenye vumbi, wakafika kwenye punje, wakatoboa.

Nilifanya nini? Nilizificha chupa. Wanafunzi walipouliza nikawaambia kidudu kinahitaji muda. Nikarudia nyumbani peke yangu, na tena nikaona vilevile. Ndipo nikakuambia, na wewe ulicheka. "Baba, umeanika kwenye jua kali! Majani yanaanikwa kivulini." Haya, nikaanika kivulini. Wapi! Ukasema, "Basi umechuma asubuhi, yako na umande." Nikachuma jioni. Ukasema vifuniko vyangu havikazi. Ukasema majani ya juu ya mti si kama ya chini. Ukasema nilisaga kwa kinu kilichotwanga sombe ya muhogo. Na kila ulilosema nilifanya, Mama, mpaka majirani wakadhani mwalimu wa sayansi ameanza uganga. Jirani yetu fundi baiskeli aliniuliza kama naweza kumtafutia dawa ya bahati.

Jana kwenye chakula nikakuuliza swali moja tu. "Yale mahindi uliyotia majani na yale uliyoacha bila majani, yalitoka gunia moja?"

Ndipo ulipoinuka.

Nilikuona uso wako kabla hujageuka. Sitasema ninajua ulichokuwa unafikiri. Lakini mimi na wewe tunajua wafanyabiashara wa soko wanafanya nini na mahindi yao ili yasiliwe kabla ya kuuzwa. Wanapiga dawa ya dukani, ile nyeupe. Kama mahindi ya shamba letu yalikuishia katikati ya kazi ukajazia na ya sokoni, na kama ya sokoni ndiyo yaliyoingia kwenye chupa za majani, basi waliokufa walikufa kwa kitu kingine, na majani yetu yalikuwepo tu kama mgeni aliyekuta sherehe imeshaanza. Labda sivyo. Labda njo mimi niliyekosea mahali, na majani yako yanaua kweli. Sijui. Hicho ndicho nilichotaka kukuambia kwa upole jana, kikatoka kwa ukali. Sijui, na wewe pia hujui, na kesho unaondoka na karatasi inayosema tunajua.

Mama yako anasoma juu ya bega langu hapa. Anasema, "Wewe umekaa unamuonea wivu mutoto wako mwenyewe." Nimemwambia aende akalale. Hajaenda.

Pengine ana haki ya kunikasirikia, kwa sababu tabia hii ya kupenda jibu kabla ya kazi, ulijifunzia kwangu. Unakumbuka darasa langu? Umekaa humo, benchi ya mbele, ukiniita "Mwalimu" kama wenzako, na nyumbani ukinicheka namna nilivyokaza sauti. Tulikuwa hatuna dawa za maabara, hatuna taa ya kuchemshia, hatuna hata maji karibu. Vita viliacha kuta tu. Basi nilichora jaribio ubaoni. Hapa chupa, hapa moto, hapa mvuke unatoka. Chini nikaandika "Matokeo," na nyinyi mkayaandika kwenye madaftari. Mkafanya mtihani, mkapita. Kizazi kizima nimekifundisha kuandika kilichotokea mahali ambapo hakuna kilichotokea. Na siku chache nilizopata vifaa, mtoto akija na jibu lisilofanana na la ubaoni nilimwambia rudia mpaka lifanane. Sikuwahi kumuuliza mmoja wao, wewe umeona nini? Wewe ulikuwa hodari kuliko wote wa kufananisha. Nilikusifu kwa hilo mbele ya watu.

Sasa nikuambie habari ya baba yako mdogo, Amisi, mdogo wangu. Nyumbani humu umesikia tu kwamba alikufa vitani, na kwamba koko yako Zaina, mama yangu, alikuwa hapendi jina lake litajwe. Ulidhani ni uchungu tu. Kila mtu anadhani hivyo.

Wakati ule mji ulikuwa umefungwa pande zote. Treni haiji, mtumbwi haupiti, chumvi tunaigawana kwa ncha ya kijiko. Huku mjini askari, kule msituni vijana wenye dawa ya maji. Walikuwa wananyunyiziwa na mganga wao, wanamwita dokta, na dokta anasema risasi ikifika kwenye mwili inageuka maji. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nina cheti, ninajua risasi ni kitu gani. Nilikuwa nacheka. Mpaka siku mimi na Amisi tulipotoka kwa kuiba njia kwenda kutafuta mihogo upande wa Kibombo, tukakuta kijiji kizima kimekusanyika, dokta anaonyesha.

Walifunga kuku kwenye kijiti. Dokta akamnyunyizia maji kwa tawi la majani, akamfunga uzi shingoni. Kijana mmoja wao akarudi nyuma hatua kadhaa, akalenga, akapiga. Masikio yangu yalilia. Moshi ulipotoka, kuku alikuwa anadonoa chini! Wanawake walipiga vigelegele. Amisi alinishika mkono mimi mkubwa wake, "Yaya, umeona? Umeona?" Niliona. Kwa macho yangu mawili niliona, na nilipiga makofi na cheti changu mfukoni.

Bunduki ilikuwa yao. Risasi yao, mpigaji wao, kuku wao. Hakuna aliyesema, mpeni mtu mwingine bunduki. Hakuna aliyesema, fungeni na kuku mwingine pembeni asiye na maji, mpige naye, tuone. Kuku wa pili, Zaina! Watu wote wale, na mwalimu wa sayansi katikati yao, na hatukumkumbuka kuku wa pili. Miaka yote hii ninafundisha, na ukiniuliza sayansi ni nini, sasa ninaweza kukujibu kwamba ni yule kuku ambaye hatukumfunga.

Amisi akaingia msituni. Hakuniaga, alijua nitamkataza kwa mdomo tu. Nasi mjini tukawa tunapata habari za dawa kutoka kwa waliorudi. Mmoja anakuambia, risasi zilikuwa zinaniangukia miguuni kama matone. Mwingine anakuonyesha shati lenye tundu na ngozi nzima. Ushahidi ulikuwa mwingi ajabu. Ila waliotoa ushahidi wote walikuwa hai. Wale ambao dawa iliwakatalia walibaki porini, hakuna aliyewahoji.

Na wakifa? Ah, kwa hilo dokta alikuwa na masharti. Usioge kwa sabuni. Usimpe mkono mtu asiyenyunyiziwa. Usigeuke nyuma. Usile chakula cha mkono wa mwanamke. Mtu akirudi mzima, dawa imefanya kazi. Mtu akiletwa amekufa, alivunja sharti, na dawa imefanya kazi vilevile kwa kuonyesha kwamba masharti ni ya kweli. Umeona ujanja wake? Hakuna siku ambayo dawa ile ingeweza kushindwa. Hata wangekufa wote.

Amisi alikuja nyumbani mara moja tu. Alipita nyuma ya nyumba, mwembamba, macho mekundu, ananuka moshi. Njaa ilikuwa imemla. Koko yako hakuuliza kitu, mama gani anauliza? Alimpa wali na sombe iliyobaki. Alikula amesimama. Akamwambia mama yetu, "Asante mama, usihangaike, mimi siwezwi na kitu." Alimaanisha kwamba hakuna kitu kinachoweza kumpata. Akarudi msituni, na kwenye mapigano yaliyofuata risasi haikugeuka maji.

Wenzake walikuja kutuambia. Wa kwanza alisema Amisi aligeuka nyuma. Wa pili alisema hapana, alioga kwa sabuni mtoni. Walikuwa wanabishana pale uani, sharti gani, kama mtu anayejaribu funguo. Halafu mmoja akauliza, je, alipita hapa? Alikula? Na koko yako, ambaye alikuwa amekaa chini na kanga kichwani, akasema ndiyo. Ufunguo ulikuwa umepatikana. Waliondoka wametulia, nakuapia, walitoka na nyuso za watu waliopata nafuu. Dawa yao ilikuwa salama.

Sasa unaelewa kwa nini nilikasirika uliponiambia habari ya umande. Nilisikia sauti za uani kwetu.

Lakini sitaki kukuonea. Najua kuna masharti ya kweli. Chanjo ikipata joto inaharibika, kila mfirmi wa zahanati anajua, si uongo wa dokta. Huenda majani yako yanataka kivuli kweli. Tofauti ninayoiona mimi ni ndogo tu, na imenichukua umri kuiona. Ungeniambia kivuli kabla sijaanika, ningekuwa ninafuata maelekezo yako, na kazi ikishindwa ungekuwa umeshindwa wewe. Uliniambia kivuli baada ya kuona fukusi wangu wanatembea. Na nilipoanika kivulini ukatoa umande. Kila nilipofika ulikuwa umeshasogeza mlango. Mimi ningependa uandike masharti yako yote sasa, kabla mtu mwingine hajagusa kitu, halafu unyamaze, umpe mtu ambaye hakupendi, mwenye mahindi yake na fukusi wake, afanye. Nimesema asiyekupenda. Mimi nakupenda, na umeona, chupa za kwanza nilizificha.

Unaogopa. Na mimi ninaogopa. Ukimwambia profesa, "Kazi niliyokutumia, baba yangu ameirudia ikakataa, na mahindi yangu labda hayakuwa ya gunia moja," anaweza kukurudisha na pikipiki ileile. Sitakudanganya kwamba wakubwa wote wanapenda ukweli, nimefanya kazi chini ya wakubwa. Anaweza pia kusema, haya, kaa, tufanye upya. Sijui ni mtu wa namna gani. Nikifikiria unarudi hapa, majirani wa avenyu wanakuuliza umerudi kwa nini, mama yako ananitazama, ninaweka kalamu chini. Nimefikiri hata kuzimwaga hizi chupa na kunyamaza. Nilizishika mpaka mlangoni. Mama yako aliniona, na unajua alisema nini, yeye anayenigombeza tangu jua lizame? "Sasa wewe unazitupa kwa nini, kama ziko na uongo?" Nikazirudisha mezani.

Kitu ambacho hakinipi usingizi si profesa. Ni mjomba wako wa Kibombo. Alinipigia juzi, amefurahi, anasema mbegu zake zote za msimu ametia majani ya Zaina, dawa ya dukani hataki hata kuiona, na amewaambia na wenzake. Hakuona karatasi yako, hakuona chupa. Alichoona ni kwamba wewe ni mtoto wa dada yake na umesoma. Kwake huo ni ushahidi wa kutosha, kama kwangu kuku alivyotosha. Na akipoteza mbegu hizo, watoto wake watalia njaa.

Sikumwambia kitu. Nilitaka umwambie wewe. Kesho kabla pikipiki haijaja, mpigie, mwambie tu afungue magunia atazame, na asipande imani yake yote humo. Usipompigia, nitangoja mpaka nisikie umefika Kisangani, halafu nitampigia mimi. Sitasema Zaina amedanganya, maana hukudanganya, na nitakayemsikia akisema hivyo atanijua. Nitasema Zaina na baba yake bado hawajui.

Na akikujibu kwamba ameshafungua, na mbegu zimeliwa, hapo njo ninakuomba, Mama, kwa jina ulilobeba. Usimuulize alianika wapi. Usimuulize alichuma saa gani, wala gunia alilifunga namna gani. Siku ile wale vijana walipotoka uani kwetu, mimi mwalimu nilimgeukia mama yangu aliyekaa chini, nikamuuliza, "Kwa nini ulimpa kula?" Alinijibu kwamba alikuwa na njaa. Kesho yake akanijibu tena, bila mimi kuuliza. Na miaka yote iliyombakia, kila nilipokaa kula kwake, alishika mwiko akanijibu tena, alikuwa na njaa, baba, mutoto alikuwa na njaa, mpaka tulipomzika.

Baba yako